Upande wa Mama

Garland, Texas
12 Januari 2025

Mdogo wangu Dévote,

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, moyo siusemei. Wifi yako Annonciata anakusalimu akiwa amelala chali sakafuni. Ndivyo daktari alivyoagiza, dakika ishirini kila jioni, baada ya miaka kumi na sita ya kuinua makasha kwenye ghala la Mesquite. Mwezi uliopita meneja alimpa cheti cha mfanyakazi bora. Cheti hakikandi mgongo. Theluji ilianguka juzi, mji mzima ukafungwa, sisi tukapata siku mbili za kulala bila malipo. Jirani yetu Merveille, yule Mkongomani, ameacha kuja kwenye misa ya Kiswahili. Anasema kanisani ndipo maofisa wa uhamiaji watakapoanza kuchukua watu. Nilimwambia ana karatasi zote. Akanijibu, "Kaka, nilikuwa na karatasi zote hata Uvira."

Umekataa tuongee posa ya Belyse kwenye simu, umesema niandike kama Baba alivyotufundisha: neno la posa huandikwa, maana la mdomo hukanwa. Umefanya vizuri. Nakubali kuwa msemaji wa familia siku watakapokuja kumposa. Mimi ni mjomba wake, na baba yake Nestor hayupo tena. Ni haki yangu na sitampisha mtu.

Ila nimeitazama picha uliyotuma. Huyo kijana Sheldon sina neno naye, ana mabega na anacheka kwa macho. Lakini mzee aliyeketi katikati, mwenye bamba la shaba kwenye mkanda kubwa kama kisahani, huyo namjua.

Oktoba parokia yetu iliomba kwenye mji mmoja mdogo, mashariki ya Mesquite, itumie duka lililofungwa kufundishia wageni Kiingereza jioni. Tukaenda kwenye kikao cha halmashauri. Kila anayetaka kusema hupewa dakika tatu. Mzee huyo alisimama, akavua kofia, akasema: "Babu zangu walikuja hapa kwa foleni. Wakajifunza, wakachanganyika. Hawa hawachanganyiki. Leo ni darasa, kesho ni mtaa mzima. Watatujaza."

Mimi nilifuata baada yake. Nikasema, "Mimi ndiye ninayekujaza. Nina kilo sabini na mbili, nimejipima asubuhi." Watu wakacheka. Yeye hakucheka wala hakunitazama, alitazama ukuta ulio nyuma yangu kana kwamba mimi ni dirisha. Ombi letu lilikataliwa kura tano kwa mbili.

Sasa huyo ndiye babu wa mkwe wetu. Anakuja kuketi mbele yangu aombe binti. Dévote, mimi si mtu wa kusahau.

Wasalimie watoto. Kaka yako,
Libère


Houston
9 Februari 2025

Kaka Libère,

Barua yako ilifika wiki tatu zilizopita. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nafanya zamu mbili mbili, na kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa nakasirika.

Sisi hatujambo. Binti yangu mdogo Amandine amepita mtihani wa udereva mara ya nne, tumwombee Mungu na tuwaombee wenye magari mengine. Hapa kwenye makao ya wazee naogesha watu sita kila asubuhi. Wawili kati yao huniambia nirudi kwetu, halafu wakifika kwenye maji hunishika mkono na kuniomba nisiwaachie. Nawashika. Mpe pole Annonciata, amwambie daktari ampe dawa ya kupaka ile ya joto.

Tarehe imepangwa: Jumamosi ya 24 Mei, ukumbi wa parokia yetu, saa nane mchana. Sheldon amelelewa na huyo babu tangu ana miaka minne, wazazi wake walikufa kwenye ajali moja. Kwa hiyo mzee Krenek si mtu wa pembeni kwenye ile picha, ndiye baba. Alipoambiwa habari za Belyse alinyamaza siku tatu. Siku ya nne aliuliza kama ni Mkatoliki. Alipoambiwa ndiyo, akasema basi sawa. Ni kidogo, najua. Mimi nimepokea kidogo kuliko hicho maisha yangu yote, nikashiba.

Ninachokuomba ni utusemee posa hii kwa desturi. Utawauliza wao ni akina nani, ni watoto wa nani, nani anawajua. Utajifanya huelewi, utajifanya binti kasafiri, utawakatalia mara mbili kwa mizaha, ya tatu utakubali na tutakunywa. Watu watacheka. Usimguse yule mzee kwa yale ya kikao.

Belyse ana miaka ishirini na sita. Hakuwahi kuniletea mtu nyumbani. Nimekuambia hilo tu.

Dada yako,
Dévote


Garland
2 Machi 2025

Mpendwa Dévote,

Salamu. Annonciata ameipata dawa ya joto, sasa nyumba nzima inanuka karafuu. Anakushukuru. Gari letu limekufa Jumanne pale Richardson, nikarudi kwa treni na mkebe wa chakula mapajani. Mkebe ulikuwa mtupu, nikajiona kama mwanafunzi.

Nimefanya kazi, na kazi yenyewe ni hii. Unajua Jumapili baada ya misa naenda maktaba. Maktaba ya mji wetu ina kompyuta inayoonyesha sensa za nchi hii za zamani, bure, kwa yeyote. Wenyewe hawaziangalii. Nimekaa nazo Jumapili nne na nimemwona mzee Krenek mpaka mifupa.

Kwanza hao babu waliofuata foleni. Walikuwa Wacheki, Wakatoliki, walifika wakati ambapo foleni yenyewe haikuwepo. Ulishuka melini ukahesabiwa kama mbuzi, ukaenda kulima pamba. Foleni ilikuwepo kwa Wachina tu, na ilikuwa ni mlango uliofungwa, tangu 1882. Halafu upepo ukageuka. Mwaka 1923, hapa Dallas, kwenye maonyesho makubwa ya jimbo, waliwapa siku nzima wale wavaa kanzu nyeupe wachoma misalaba. Siku yao, kwenye ratiba, kama siku ya wakulima. Na walimchukia nani hao? Mtu mweusi kwanza, ndiyo. Lakini pia Myahudi, na Mkatoliki aliyesali kwa lugha isiyoeleweka, yaani yule yule Krenek. Mwaka uliofuata sheria ikapita huko Washington kuwapunguza watu wa aina yake mpaka wasiingie ila kwa tone. Walisema hawachanganyiki. Nimesoma maneno yale, Dévote, nikasikia sauti ya kikao chetu. Hawajabadilisha hata nukta.

Hilo lingenitosha. Lakini lipo la pili. Mama yake mzee huyu, kwenye sensa ya 1950, ni Lottie Krenek, mzungu, mzaliwa wa Texas. Kwenye cheti chake cha kifo wazazi wake wanaitwa Treviño. Nikaona ajabu, Lottie gani ana baba Treviño? Nikarudi sensa ya 1930. Mwaka ule, na mwaka ule tu, walimhesabu Mmeksiko kama kabila lake peke yake, si mzungu. Nikamkuta kusini ya San Antonio: Guadalupe Treviño, miaka minane, mzaliwa wa Texas, Mmeksiko. Ndiye, wazazi wake ni wale wale wa kwenye cheti. Baada ya hapo familia yote haionekani tena, na mwaka uliofuata ndio Wameksiko walipokuwa wakipakiwa kwenye malori na treni kurudishwa "kwao", pamoja na watoto waliozaliwa hapa hapa na kuiapia bendera hii hii shuleni.

Mwanamke aliyefukuzwa kwenye nchi yake amezaa mtu anayesimama kwenye kikao kutufukuza sisi. Na mjukuu anakuja kuposa bila kujua damu yake.

Kwa hiyo nitauliza kwa desturi, kama ulivyoniomba: nyie ni watoto wa nani? Wakimaliza kusema uongo wao, nitatoa karatasi zangu na kuwasomea ukoo wao kwa Kiingereza, mstari kwa mstari, mbele ya wageni wote. Usiniambie ni ukatili. Ukatili ni ule uliomfundisha Guadalupe kuitwa Lottie. Mimi nasoma tu.

Nimetoa nakala kumi.

Kaka yako,
Libère


Houston
13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Kaka,

Tupo. Nimetoka kanisani sasa hivi, tawi liko hapa mezani.

Nilikaa na barua yako mwezi mmoja na zaidi. Nilitaka kumpa Elkana, shemasi wetu Mtanzania, anisaidie kukujibu kwa maneno ya Biblia. Nikaona hapana, haya ni yetu.

Unasoma vizuri. Baba angefurahi. Unajua habari za Wachina na Wacheki na mtoto wa Kimeksiko aliyekufa kabla hujafika nchi hii. Sasa nijibu swali moja, halafu uje na nakala zako hata mia.

Siku utakapowauliza wageni wao ni watoto wa nani, na wao watatuuliza. Utasema nini? Utataja Baba, na babu, na baba wa babu, majina manne, kilima chetu cha asili kule Makamba, Burundi, watu watapiga makofi. Na Mama? Mama alikuwa Mtutsi, Kaka. Tumeishi kwenye makazi ya wakimbizi Tanzania miaka thelathini na tano katikati ya Wahutu waliokimbia kuuawa na jeshi la Watutsi, tukamficha ndani ya jina la Baba. Alijifunza kucheka kama wao. Alifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Watoto wangu hawajui mpaka leo. Na wewe uliniambia wakati wa mahojiano ya kuja Marekani: upande wa Mama sema hujui, sema wote walikufa. Nikasema.

Swali langu ni hili. Mama aliniambia wiki ya mwisho, hospitalini, kwamba mwaka 1996 Mjomba Cyrille alifika makazini kututafuta. Kwamba wewe ulikuwa katibu wa vijana, unashika daftari la wageni pale kwenye kizuizi cha barabarani. Kwamba yeye, Mama, alikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, ng'ambo ya barabara, na debe la mahindi kichwani, akaona. Hakumaliza kuniambia. Nikamuuliza, "Aliona nini?" Akasema, "Muulize mwenye daftari."

Alikaa nyumbani kwako Garland miaka kumi na moja. Alikupikia.

Nakuuliza, mwenye daftari. Na kama utafungua kinywa tarehe 24 usome ukoo wa wenzako, mimi nitasimama hapo hapo, na gauni langu la sherehe, nikuulize kwa sauti.

Dévote


Garland
4 Mei 2025

Mpendwa Dévote,

Pasaka ilipita salama. Annonciata amerudi kazini, wamempa sehemu ya kubandika lebo, anaketi. Merveille amehamia Fort Worth kwa dada yake. Hakuaga. Ameacha baiskeli za watoto uani.

Barua yako nimeisoma. Inanishangaza mtu mzima unavyochanganya mambo. Ile ilikuwa vita, na hii ni posa. Kule kulikuwa na maelfu ya watu na kila mtu alikuwa na ndugu aliyezikwa bila sanda. Hujui hali ilivyokuwa pale kizuizini, ulikuwa msichana wa miaka kumi na nane, ulikuwa unasuka mikeka.

Nikuambie la maana. Nimekwenda kwa Krenek. Sikutaka mtu aseme nilimvizia. Jumamosi iliyopita nimeendesha mpaka kwake, nyumba ya mbao yenye baraza mbele, mbwa mmoja kipofu. Alinitambua kabla sijafunga mlango wa gari.

"Wewe ndiye wa kilo sabini na mbili," akasema.

"Sabini na nne sasa. Nimeongezeka."

"Na wewe ndiye mjomba?"

"Ndiye."

Akasema lo, kwa pumzi tu, akanivutia kiti. Nikampa karatasi. Akavaa miwani, akasoma zote, polepole, akilowesha kidole. Nilingoja atetemeke. Nilingoja anifukuze. Akachukua kalamu mfukoni, akakata mwaka mmoja na kuandika mwingine.

"Umekosea umri," akasema. "Karani wa sensa alikosea. Alizaliwa '21."

"Ulikuwa unajua?"

"Ni mama yangu, bwana."

Akanisimulia bila kuombwa. Walipakiwa lorini akiwa na miaka kumi. Alirudi akiwa na ishirini, akaajiriwa kufua nguo kwa Wacheki, mtoto wao akampenda. Mama mkwe alimpokea kwa sharti moja, Kihispania kisisikike ndani ya nyumba. Mzee anasema hakuwahi kumsikia mama yake akikisema, isipokuwa alipokuwa mgonjwa wa homa, na siku hiyo baba yake alifunga madirisha.

Nikamuuliza, "Sasa unawezaje kusimama kwenye kikao na kusema yale?"

Akavua miwani. "Kwa sababu kila anapoingia mtu kama wewe, watu wanaanza upya kuangalia nyuso. Walikuwa wameacha kuziangalia zetu."

Hayo ndiyo majibu yake. Hakuona haya. Nikamwambia hiyo ndiyo biashara ya zamani kuliko zote katika nchi hii, kununua amani yako kwa shingo ya aliyefika jana: Mwayalandi kwa Mchina, Mwitaliano kwa mtu mweusi, Mmeksiko aliyepakwa chokaa kwa Mrundi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama Sheldon atajua. Nikasema atajua tarehe 24 mbele za watu. Akasema, "Basi nitavaa suti."

Halafu, natoka, ananiuliza mama yangu mimi alikuwa wa ukoo gani. Hivi hivi, kama anayeuliza ng'ombe ni wa aina gani. Nikamwambia nimechelewa kazini. Ilikuwa Jumamosi.

Nitakuja, na nitasoma. Usinitishe na habari za mashine ya kusaga.

Libère


Houston
1 Juni 2025

Kaka Libère,

Tulikungoja mpaka saa kumi na dakika kumi. Amandine alikupigia mara tisa. Annonciata alimwambia ulitoka alfajiri na suti yako imening'inia nyuma ya gari. Tulidhani ni ajali. Nilipiga simu hospitali mbili za njiani, kabla Annonciata hajanipigia jioni kusema umerudi, umelala, hutaki kusema na mtu. Kwa hiyo u mzima. Namshukuru Mungu kwa hilo, na hapo shukrani yangu inaishia.

Nikuandikie ilivyokuwa, kwa sababu ulikuwa na haki ya kuwepo.

Elkana alisimama mahali pako. Hajui desturi yetu lakini Mtanzania hashindwi kuongea. Wale wa Sheldon nao hawakujua waseme nini, basi wakaazima ulimi wa Wawira, muuguzi Mkikuyu anayefanya kazi wodi moja na Sheldon na Belyse. Ilikuwa vita nzuri. Wawira akasema wamekuja kutafuta ua waliloliona kwenye bustani. Elkana akasema hapa hatuna bustani, tuna maegesho ya magari tu. Wawira akasema basi wameona gari zuri. Elkana akauliza kama wana leseni. Wazee walicheka mpaka mmoja akaondolewa kwenda kupumua nje.

Halafu Elkana akauliza lile. "Nyie ni watoto wa nani?"

Mzee Krenek alisimama. Alikuwa amevaa suti ya kijivu, imempwaya. Alitazama mlangoni, kisha akatazama kiti chako. Nilijua anakutafuta. Alikuwa na karatasi mkononi, sijui ni zako au zake. Akaikunja. Akasema: "Mimi ni Krenek mwana wa Krenek, mwana wa Krenek aliyetoka Moravia." Wanaume watatu. Hakuna mwanamke hata mmoja. Akaketi.

Watu wakapiga makofi.

Wawira akatugeukia. "Na binti, je, ni wa nani?" Elkana akasoma karatasi niliyomwandikia mimi kwa mkono wangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Baba yake Belyse na ukoo wake, halafu Baba yetu, babu, baba wa babu, kilima, Makamba. Upande wa Mama niliacha mstari mtupu. Nilikuwa na kalamu, Kaka. Nilikuwa peke yangu mezani, hakuna kizuizi, hakuna vijana wenye fimbo, na niliacha mtupu.

Wakapiga makofi tena, kwa nguvu zaidi, kwa sababu tulikuwa wengi upande wetu. Mzee Krenek hakupiga. Alikuwa ananitazama mimi, ananitazama kama mtu anayejua uzito wa kitu kwa kukiona tu. Tulikunywa. Binti yetu ameposwa.

Jioni tukifagia ukumbi Belyse akaniuliza, kwa Kiingereza chake, "Mama, na watu wa Bibi? Kwa nini hakusoma watu wa Bibi?" Nikamwambia karatasi ilikuwa ndogo. Akaniacha nifagie, kisha akasema, "Wewe huwa husemi uongo kwa ufundi." Nikamwambia, muulize mjomba wako.

Kwa hiyo sasa si mimi ninayeuliza.

Dévote


Garland
29 Juni 2025

Dévote, na Belyse mwanangu,

Poleni kwa kungoja. Mwezi mzima nimeanza barua hii nikaichana. Annonciata hajambo. Msomee Belyse polepole, dada, Kiswahili chake cha kusoma si kizuri, na mimi siwezi kuiandika kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kugombana tu.

Siku ile nilifika Madisonville. Ni katikati ya njia, nilisimama kutia mafuta. Nikavaa suti chooni, nikatoka, nikakaa kwenye gari na nakala zangu kumi. Nilikuwa nafanya mazoezi ya sauti. "Nyie ni watoto wa nani?" Nikasema mara ya kwanza, ya pili. Ya tatu nikasikia ni mimi ninayeulizwa. Nilikaa mpaka mwenye kituo akaja kugonga kioo, akauliza kama ninahitaji msaada au ninahitaji kuondoka. Nikaondoka, nikageukia kaskazini.

Belyse, bibi yako aliitwa na watu wa makazini kwa jina la babu yako. Alikuwa Mtutsi wa Mwaro, binti wa fundi wa kufua majembe. Babu yako alimwoa mwaka 1970 kwa mapenzi, wakati ambapo watu walikuwa bado wanafanya hivyo bila kuuliza. Mwaka 1972 jeshi lilipoanza kuua Wahutu wenye elimu, babu yako alikuwa mwalimu, basi wakakimbilia Tanzania na mimi mgongoni. Ndugu zake Mama walibaki. Mmoja alikuwa Cyrille, kaka yake. Ndiye mjomba wangu, kama mimi nilivyo wako.

Alikuja Februari 1996, saa nne asubuhi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nilipewa daftari kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na nilipenda daftari lile, Belyse, nililipenda kuliko msichana. Kila aliyeingia nilimwandika jina, baba, kilima. Vijana wenye fimbo walisimama pembeni yangu, na kila niliposema "huyu sawa" alipita. Nilikuwa nimesoma vitabu vitatu na nilikuwa nimeanza kutoa hotuba.

Nikamwona mtu mrefu, mwembamba, ana vumbi mpaka kwenye kope. Akasimama mbele ya meza. Nikajua kabla hajasema, kwa sababu alikuwa na paji la uso la Mama. Hilo ambalo Mama alilifunika kwa kitambaa, yeye alikuwa amelibeba wazi.

Akasema, "Natafuta nyumba ya mwalimu. Mimi ni kaka wa mkewe."

Mkubwa wa vijana akanigeukia. "Si ndiyo kwenu? Huyu ni mjomba wako?"

Wakawa wote wananitazama. Hawakuwa wanamtazama yeye, walikuwa wananitazama mimi, uso wangu, kana kwamba hawakuwahi kuuona. Na nikasema, "Simjui."

Sikulazimishwa. Hakuna aliyeinua fimbo. Nimejiambia miaka ishirini na tisa kwamba ziliinuliwa.

Mjomba alinitazama. Angeweza kusema. Angeweza kutaja jina la Mama, na sisi sote tungekwenda. Akasema, "Basi nimekosea makazi. Nilikuwa natafuta watu wengine." Akawaomba radhi. Wakampeleka kwa njia ya mtoni, na sikuwahi kusikia habari yake, na sikuuliza. Nilipoinua macho Mama alikuwa ng'ambo na debe lake. Jioni alinipakulia ugali. Alinipakulia mpaka alipofariki, na hakusema neno, nami nilijifanya kwamba kutokusema kwake ni kutokujua.

Yote niliyomwambia mzee Krenek barazani ni kweli, sifuti hata moja. Nchi hii imejengwa hivyo, na ninyi mtaishi ndani yake, na siku moja Sheldon atatakiwa kuchagua upande kwenye kikao fulani. Lakini nilikwenda kwake nikiwa na hasira ya mtu aliyekiona kinyesi chake kwenye kiatu cha mwenzake.

Fanyeni mtakavyo na barua hii. Kama kanisani siku ya harusi hamnitaki, nimeelewa. Mama yako aliacha mstari mtupu kwa sababu yangu, basi ujazeni: Mwaro, fundi wa majembe, binti yake, na mwanawe Cyrille.

Zaidi ya hapo siwezi kuwapa. Siku ile kizuizini Cyrille alikuja na watoto wake wawili, msichana na mvulana mdogo zaidi, na msichana alibeba sufuria kwa mikono miwili. Ni ndugu zangu wa damu. Kalamu ilikuwa mkononi, daftari lilikuwa wazi mbele yangu, na sikuwauliza majina yao.

Libère